Moshi mweupe, nyama chungu: utatuzi wa matatizo ya jiko la moshi la ubavuni

Jiko la moshi la ubavuni lina vyumba viwili. Kidogo, kilichounganishwa pembeni, ni kisanduku cha moto. Kikubwa, ambacho mara nyingi ni pipa lililolazwa, ni chumba cha nyama, na moto hauko chini ya nyama hata kidogo. Hewa huingia kwenye kidirisha cha kisanduku, hupita motoni, hubeba joto na moshi hadi kwenye nyama, kisha hutokea kwenye bomba upande wa pili. Texas huko Marekani, ambako jiko hili lina jina kubwa, watu hupikia kidari kizima cha ng'ombe kwa saa kumi na zaidi, katika nyuzi 110 hadi 135 za Selsiasi. Huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, linafaa vilevile kwa mbavu za mbuzi, kuku mzima na samaki wa ziwani.

Matatizo yake mengi si ya chuma, ni ya hewa. Mtu aliyezoea kuchoma nyama juu ya makaa akiona moshi unatoka bombani huona unapotea. Jirani naye atamwambia, "Kaka, moshi wote unakwenda bure, ziba hapo." Akiziba, ameiharibu nyama. Katika jiko hili moshi unatakiwa upite, usikae. Kwa hiyo kila dalili utakayoiona, jiulize kwanza: hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, na nini kimeizuia njiani?

Kabla ya moto wa kwanza: pipa lilibeba nini?

Kama fundi anakutengenezea jiko kwa pipa la lita 200 lililotumika, swali hili linatangulia yote. Pipa lililobeba dawa za kuulia wadudu au kemikali za viwandani liache kabisa. Hakuna kuchoma wala kusugua kutakakolifanya lifae kwa chakula. Lililobeba petroli, dizeli au thina ni hatari hata kabla halijawa jiko, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi anapolikata kwa grenda au anapochomelea. Mwenye pipa akisema ameshalisuuza, usitegemee neno hilo. Maisha ya fundi ni ghali kuliko pipa. Tafuta lililobeba chakula, mafuta ya kula kwa mfano, na hata hilo lichungulie. Mengi yamepakwa rangi kwa ndani, na rangi hiyo lazima ichomwe kwa moto mkali wa kuni, kisha ikwanguliwe mpaka chuma kitupu.

Jihadhari pia na zinki. Bati jeupe la kuezekea, wavu wa waya wa mabati na mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Karibu na makaa joto hilo hufikiwa bila shida. Fundi akivuta mvuke wa zinki wakati wa kuchomelea anaweza kupata homa, kutetemeka na kubanwa kifua. Nyavu za kuni na za nyama ziwe za nondo nyembamba au za chuma kisichoshika kutu.

Jiko jipya la kwenye boksi lina shida nyingine: mafuta ya kiwandani ya kuzuia kutu. Ukipikia siku hiyohiyo, nyama itanuka gereji. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lifute likauke, paka mafuta ya alizeti membamba sana ndani ya chumba cha nyama na kwenye nyavu, kisha liwashe tupu. Lipeleke hadi nyuzi 180 au 200 kwa saa moja, halafu liache kwenye 120 kwa saa mbili nyingine. Rangi ya nje ya kisanduku cha moto itachubuka, na hilo ni jambo la kawaida. Likipoa, sugua sehemu hiyo na upake rangi ya kuhimili joto kali, kwa nje tu.

Moshi mweupe mzito, nyama chungu, ulimi unakufa ganzi

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu waliweke jiko nyuma ya nyumba na kulifugia kuku. Moshi mzuri karibu hauonekani. Ni mwembamba, una ubluu uliofifia, na ukiusogelea unanukia bila kuwasha macho. Ukiona unatoka mweupe na mzito kama wa kuchoma takataka, ujue kuni haziwaki, zinafuka tu. Kuni zinazofuka hutoa lami na asidi ambazo mwali ungeziteketeza. Vitu hivyo vikikutana na nyama iliyo baridi huganda juu yake, ndio huo uchungu na ganzi. Vikikutana na mfuniko huacha utando mweusi unaong'aa, na baadaye hudondoka juu ya chakula.

Chanzo cha kwanza, na kwa Mwanza naamini ndicho kikuu, ni kuni mbichi. Kuni nyingi zinazouzwa zimekatwa juzijuzi, na wakati wa masika hata zilizokauka hurudisha unyevu zikilala chini. Jiko hili linataka kuni zenye unyevu wa asilimia 15 hadi 20. Kama huna kipimo, gonga vipande viwili: vikavu hulia kwa mlio mkali, vibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Tazama miisho: kikavu kina nyufa na gome lake linabanduka. Kibichi ukikiweka motoni hutokwa na povu miishoni. Dawa yake ni muda tu. Pasua kuni, zipange juu ya mawe au vipande vya mbao zisiguse ardhi, zifunike juu lakini ubavuni uache wazi upepo upite. Vipande vinene huhitaji miezi sita au zaidi. Kwa jiko la ukubwa wa kawaida, kipande kiwe na unene wa kifundo cha mkono na urefu wa shibiri moja na nusu.

Chanzo cha pili ni bomba lililozibwa. Kifuniko cha bomba kiwe wazi kabisa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa upishi.

Cha tatu kinawanasa hata wazoefu. Mtu anajaza kuni nyingi, joto linaruka hadi nyuzi 180, anashtuka na kufunga kidirisha. Moto unakosa pumzi, kuni zinafuka, moshi mweupe unajaa. Ukifungua tena kwa ghafla, gesi zilizokusanyika zinaweza kuwaka kwa mpigo na kukurukia usoni. Joto la jiko hili huongozwa na ukubwa wa moto. Kidirisha ni cha marekebisho madogo. Anza na makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, tandaza kwenye wavu wa kisanduku, weka kipande kimoja au viwili vya kuni, kisha ongeza kimoja kila baada ya dakika 30 hadi 45. Kabla hujakiingiza, kiweke juu ya kisanduku kipate joto. Kikiingia, acha mlango wa kisanduku wazi kidogo mpaka kishike mwali. Moto mdogo unaowaka ni bora mara nyingi kuliko moto mkubwa uliobanwa.

Cha nne ni majivu. Yakijaa chini ya wavu, hewa haina njia. Katika upishi wa saa nyingi yapunguze katikati ya kazi kwa koleo dogo.

Moshi mweupe wa dakika chache unapowasha au unapoongeza kuni si wa kutisha. Ila nyama isiingie mpaka ule wa mwanzo umekatika.

Uchungu unaweza kutoka kwenye mti wenyewe. Mwembe, mpera, mchungwa na mparachichi ni miti ya kuaminika, na matawi yake hupatikana watu wanapopogoa. Migunga inawaka kwa joto kali na moshi wake una nguvu, kwa hiyo mimi huitumia kutengeneza makaa, halafu namalizia na mwembe. Msonobari una utomvu mwingi na hutoa masizi. Mkaratusi una mafuta yenye harufu inayobaki kwenye nyama. Mbao za ujenzi zilizotiwa dawa ni sumu, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Vipande vya mitumbwi chakavu vinavyozagaa mialoni navyo uviache, vimejaa rangi na vitu vya kuzibia nyufa. Na kwa ndugu zetu wenye miji iliyozungushiwa uzio wa minyaa: utomvu wa mnyaa huunguza macho na ngozi, na moshi wake si wa kupikia.

Joto halipandi

Kwanza hakikisha kipimajoto hakikudanganyi. Kile cha mlangoni kinapima hewa ya juu ya pipa, na nyama iko chini. Tofauti yake inaweza kupita nyuzi 20. Weka kipimajoto kingine kwenye wavu, karibu na nyama, na ukiamini hicho. Lakini kipime kwanza. Kwenye barafu iliyosagwa na maji kidogo lazima kisome 0. Kwenye maji yanayochemka wengi husubiri 100, na hapa ndipo kipimajoto kizima kinaporudishwa dukani bila kosa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimajoto kinachosoma 96 kwenye sufuria inayotokota pale Kirumba, mtaa wa Mwanza, ni kizima. Kinachosoma 100 kinazidisha nyuzi nne.

Kipimajoto kikiwa sawa na joto bado liko chini, angalia kitanda cha makaa. Kuni peke yake juu ya wavu mtupu hazishiki vizuri. Zinahitaji makaa chini yake wakati wote, na yakipungua ongeza koleo moja ya mkaa uliokwisha kuwaka. Kisha angalia unene wa chuma. Majiko ya boksi ya bei nafuu yana chuma cha milimita moja hadi mbili, wakati yale mazito hufikia milimita sita. Chuma chembamba hupoteza joto haraka, kwa hiyo jikinge na upepo na ukubali kutumia kuni zaidi. Na acha kufunua kila mara. Kila ukifungua mlango wa nyama joto lote linaondoka, na kulirudisha huchukua dakika kumi au zaidi.

Joto linapanda na kushuka lenyewe

Ukiwa kando ya ziwa, mshukiwa wa kwanza ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka. Mtu anayewasha jiko alfajiri kwa ajili ya chakula cha jioni atapikia pepo mbili tofauti siku moja. Kidirisha kikitazama upepo, moto hupulizwa na joto huruka. Upepo ukipiga mdomo wa bomba, moshi hurudi nyuma na kutokea kwenye kisanduku. Lilaze jiko ubavu kwa upepo, na weka kizuizi cha tofali au bati upande upepo unakotoka, umbali wa hatua moja hivi, bila kuziba kidirisha. Upepo ukigeuka mchana, hamisha kizuizi, usihangaike kulisukuma jiko lenye moto.

Upande mmoja unaungua, mwingine mbichi

Upande wa kisanduku huwa na joto zaidi, na hakuna jiko la aina hii lisilo na tofauti hiyo. Kama ni kubwa mno, mwombe fundi aweke kibati kilichoinama kwenye tundu linalounganisha vyumba viwili, kielekeze moto chini badala ya kuuacha upige nyama ya kwanza. Sufuria ya maji karibu na tundu hilo nayo husaidia. Baada ya hapo itumie tofauti: kuku upande wa joto, mbavu katikati, samaki karibu na bomba. Kidari kielekeze upande wake mnene na wenye mafuta kwenye moto.

Mlango haufungi, moshi unavuja

Kwa jiko la boksi, kosa karibu kila mara ni kukaza bolti moja moja mpaka mwisho kabla ya kufunga nyingine. Vipande vinapinda kidogo, na mlango unaofuata hauingii mahali pake. Legeza zote. Funga miguu, weka pipa juu ya miguu mkiwa wawili, unganisha kisanduku, halafu bomba, kila nati ikiwa imekazwa kwa vidole tu. Jaribu milango yote ifunguke na kufungwa bila kukwaruza, ndipo uchukue spana ukaze kwa zamu, usisahau wosha. Baada ya moto wa kwanza kaza tena, kwani joto hulegeza.

Jiko lisimame imara. Viwanja vya Mabatini na Igogo hapa Mwanza viko mteremkoni na vimejaa mawe, kwa hiyo chimba au panga tofali mpaka miguu yote iguse, na uzuie magurudumu. Upande wenye tundu la mafuta uwe chini kidogo, mafuta yatiririke kwenye ndoo ya chuma.

Moshi kidogo unaovuja kwenye mlango wa nyama haudhuru. Uvujaji wa kwenye kisanduku ndio wa kuziba, maana unaingiza hewa usiyoiongoza. Kamba ya fibaglasi ya kuhimili joto huziba vizuri.

Nyama imegoma kwenye nyuzi 70

Kipande kikubwa kinapanda vizuri, halafu kati ya nyuzi 65 na 75 kinasimama saa mbili, hata tatu. Jiko halijaharibika. Unyevu unatoka kwenye nyama na kuipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Subiri, au ifunge. Karatasi safi ya kupikia au foili zinafaa. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea linafaa pia na linanukia vizuri. Karatasi ya mfuko wa saruji na magazeti yenye wino hapana. Kidari kinalainika kwenye nyuzi 93 hadi 96 za ndani; kijiti kikiingia bila kugoma, kimeiva. Kuku afike 74, kitimoto ipite 71.

Samaki

Sato na sangara huivia haraka, kwa hiyo joto liwe chini, nyuzi 80 hadi 100, mpaka ndani pafike 63. Walowekwe kwanza kwenye maji ya chumvi, kisha waanikwe kwenye upepo, chini ya chandarua, mpaka ngozi ikauke na kunatanata kidogo. Bila hivyo moshi haushiki, unatelezea kwenye maji. Chandarua ni lazima kwa sababu ya nzi, na kwa sababu ya vile vidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu jioni.

Samaki huyu ana majimaji ndani. Si yule mkavu wa kuuzwa soko la samaki la Mwaloni na kusafirishwa mbali. Asiyeliwa siku hiyo aingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kukiwa na joto linalopita nyuzi 32, ndani ya saa moja.

Mwali unapotoka kwenye chumba cha nyama

Hapo mafuta yameshika moto. Usimwage maji, yatayarusha mafuta yanayowaka. Funga mlango wa nyama, kidirisha na bomba, moto ukose hewa, na ndiyo mara pekee kabla upishi haujaisha ninayokushauri uzibe bomba. Weka ndoo ya mchanga karibu tangu mwanzo. Moto ukitoka nje ya jiko, piga 114, Zimamoto. Ili yasitokee, kwangua mafuta ya sakafuni baada ya kila upishi na umwage ndoo ya mafuta kabla haijajaa. Jiko likae mita tatu au zaidi kutoka ukutani, kwenye uzio, makuti na nguo zilizoanikwa. Kamwe usiwashie petroli.

Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu

Ondoka hapo mara moja, nenda kwenye hewa safi, na uwatoe wengine. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua. Mvua inaponyesha watu huvuta jiko hadi kwenye banda lililozungushiwa turubai, baraza lililofungwa au gereji. Usifanye hivyo, hata kama moto umebaki makaa tu na hakuna moshi unaoonekana. Mtu aliyezimia, au ambaye maumivu hayaishi, apelekwe hospitali, na mwambie daktari kwamba alikuwa karibu na makaa.

Ukimaliza kupika, funga kidirisha na bomba, makaa yafe. Majivu yaache mpaka kesho yake au zaidi, kisha yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, kwenye ardhi tupu. Usiyatie kwenye kiroba wala ndoo ya plastiki, kwa sababu kaa lililofunikwa na majivu linaweza kukaa na moto zaidi ya siku moja. Usiyamwage upepo unapovuma, na usiyaache yalale ndani ya kisanduku wiki nzima: yananyonya unyevu wa ziwani, na sakafu ya kisanduku ndiyo huanza kutoboka kwa kutu.